Kiswahili Nilichokipeleka Mbala

Niliondoka Kasense, Sumbawanga, kwenda kusoma nje ya nchi nikiwa nimevaa masweta mawili, na nusu ya mtaa ikanisindikiza hadi barabarani kama naenda kupanda ndege. Shangazi yangu alilia mpaka akakosa kitambaa. Jirani mmoja akaniomba nikifika nimpigie picha ya theluji. Mimi ambaye siku zote nina jibu kwa kila mtu, siku hiyo nilikaa kimya, nikapunga mkono kama mheshimiwa.

Nje ya nchi yenyewe ilikuwa Mbala, Zambia. Unakunywa chai Sumbawanga, unapita Matai, unafika Kasesya, unagongewa mhuri, na kabla njaa haijakuuma sawasawa umeshafika ughaibuni. Theluji hakuna. Hata baridi yao haifiki yetu, masweta yangu nilishinda nayo kwapani. Lakini sikumdanganya mtu. Nilisema naenda nje ya nchi, na mwenye ubishi aende pale Kasesya ajaribu kupita bila karatasi, halafu aje aniambie kama Zambia ni Tanzania.

Mjini Sumbawanga nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha kidato cha pili, baada ya kutofautiana na mwalimu wa nidhamu mara nyingi na kwa sauti kubwa, nikakaa nyumbani nafungua simu mbovu za ndugu zangu. Nilikuwa naziharibu zaidi, mpaka siku moja ikatokea moja ikawaka, nikajiita fundi. Kiingereza nacho nilijiokotea kwenye vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi la redio. Kwa hiyo nilipofika kwenye kile chuo kidogo cha ufundi kusoma umeme wa jua, nilijua kusema kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa kwamba kifaa hiki kisiwekwe karibu na moto, ila sikujua kuomba chumvi mezani.

Tegemeo langu lilikuwa Kifipa. Watu wengi wa Mbala ni Wamambwe, na Kimambwe na Kifipa vinashabihiana, nikajua hapo nimefika kwa ndugu. Sasa bahati yangu ilivyo, mama mwenye nyumba niliyopanga hakuwa Mmambwe. Alikuwa Mbemba wa huko kusini zaidi. Aliolewa akaletwa Mbala, mume akafariki, akabaki na binti mmoja na meza ya dagaa sokoni. Siku za mwanzo nilikuwa namwongelesha Kifipa, na nikiona hajaelewa naongeza sauti. Asipoelewa tena naongeza zaidi. Siku alipochoka alinishika mkono, akanipeleka jikoni, akaniwekea kiganja juu ya sufuria, akaitaja kwa Kibemba. Kisha kijiko. Kisha kuni. Mtu mzima, ametoka sokoni miguu inamwaka, ananifundisha kuongea kama mtoto anayeota meno, na hata siku moja hakunicheka usoni. Alikuwa akinichekea sokoni, hilo nilikuja kulijua baadaye.

Toka hapo yule mama akawa wangu. Mimi nikimpenda mtu ndivyo nilivyo: ukimgusa yeye umenigusa mimi, na nitakufuata mpaka kwenu nikakusemee mbele ya wakwe zako.

Sasa, Kasense tunapakana na familia moja, ukuta kwa ukuta. Kijana wao anaendesha lori la mizigo linalovuka Kasesya kwenda Zambia. Mama yangu alikuwa anampa unga wa ulezi aniletee, maana anaamini ukishavuka mpaka chakula kinaisha. Kijana alileta unga, akapokelewa na binti wa mama mwenye nyumba. Safari iliyofuata akaleta unga na soda. Baadaye akawa anakuja na soda tu, unga kausahau. Mimi nilikuwa nimeinamia betri zangu, naona jinsi watu wa kwetu tulivyo wakarimu, moyo unanijaa fahari.

Binti alikuwa anasomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Kumpenda yule dereva, alimpenda, hilo halina mjadala, ukimtaja anaanza kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Lakini na chuo alikipenda.

"Dada," aliniambia siku moja tukianika nguo, "nikiolewa sasa hivi nitaingia wodini kama mzazi kabla sijaingia kama nesi."

"Si umwambie?"

"Nimemwambia. Amesema hana haraka. Lakini kwao anayeongea siyo yeye."

Aliyekuwa anaongea kwao ni baba yake mkubwa. Mzee huyo ujanani alifanya kazi kwenye migodi ya Zambia, akarudi na suti na Kibemba, na vyote viwili anavitoa kwenye shughuli. Alipokuja Mbala na ndugu zake kuposa, yeye akawa msemaji na yeye huyohuyo akawa mkalimani. Mama akawaambia kwa Kibemba kwamba kijana wao anamfaa mtoto wake, hana neno naye, ila mtoto atamaliza chuo kwanza na ndoa itafuata. Baba mkubwa akawageukia wenzake: "Mama anashukuru. Amefurahi sana." Watu wakapiga vigelegele, wakala, wakapanda lori wakarudi zao.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa chuoni, juu ya bati, nafunga paneli huku nikiimba. Mambo yalijulikana pale dereva alipokuja tena, uso umemshuka, akasema kwao wameshaanza kupanga harusi, mavuno yakiisha tu, na padri amekwisha kuambiwa.

Niliwaka. Nilitoa simu nimpigie baba mkubwa, na nilikuwa na maneno mazuri kabisa, nilishayapanga kuanzia dogo kwenda kubwa. Mama akaninyang'anya ile simu. Akaniambia kwa Kibemba cha polepole, kile anachowawekea watu wa aina yangu:

"Usinisemee. Nimeshasemewa, na umeona kilichotokea. Nifundishe, nitasema mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa kujitolea nje ya nchi. Masomo yangu yalikuwa yamekwisha, cheti ninacho, mabegi nimefunga. Nikayafungua. Mama yangu akanipigia.

"Si umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sasa unafanya nini huko?"

"Nafundisha Kiswahili. Najitolea."

"Wewe? Unafundisha kina nani?"

"Akina mama. Watu wazima."

"Wamekukosea nini?"

Nilikuwa nimeanza na mmoja, lakini wauza dagaa wenzake waliposikia wakaja na vigoda vyao. Walikuwa na wateja kutoka Sumbawanga, na walichoka kupunjwa huku wanatabasamu. Tulikuwa tunakutana uani mchana soko likipoa. Meza ya mwalimu ilikuwa ileile ya dagaa, imeoshwa, ila paka wa mtaa mzima hawakuamini kama imeoshwa, na wao pia wakawa wanafunzi.

Sikuwa na kitabu. Ualimu wenyewe nilikuwa nimeuona kwa yule mwalimu wa nidhamu tu, kwa hiyo nikaanza kumwigiza bila kujua. Naingia, napiga meza kwa kiganja, "Sikilizeni kwanza!" Nasema sentensi. "Nimesema nini? Rudia!" Mmoja anarudia. "Vizuri! Wote!" Wote wanarudia mpaka kuku wanatawanyika. Anayeropoka kabla ya zamu yake namwambia, "Kaa. Mkono chini." Nilijiona nimezaliwa kwa kazi hiyo.

Na sentensi nilizitoa wapi? Kichwani mwangu, na kichwani mwangu kumejaa ugomvi. Salamu tulizipitia haraka, nikaona zinachosha. Somo la safari lilikuwa ugomvi wangu na bodaboda wa Kasesya aliyenipitisha njia ndefu: "Usinizungushe, mimi siyo mzigo!" Somo la biashara lilikuwa mteja aliyeniletea simu imelowa, akaniapia kwamba haijawahi kuona maji: "Kwa hiyo mvua imenyesha ndani ya mfuko wako?" Fikiria akina mama watu wazima, vitenge vimefungwa vizuri, wanasema kwa pamoja, kwa furaha kubwa, "Kwa hiyo mvua imenyesha ndani ya mfuko wako?" Mpita njia mmoja alisimama akauliza kama ni kwaya.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Kila siku tukimaliza alibaki na mimi, tunafanya ile sentensi yake moja. Mtoto wangu atamaliza chuo kwanza. Halafu harusi. Aliisema akichambua dagaa, aliisema akipika, nilimsikia akimwambia hata paka. Ilikuwa imenyooka. Nikasema sasa twende.

Tulifika Kasense upepo wa kipupwe unavuma, mahindi yametandazwa kwenye maturubai kila uwanja, na mimi kifua mbele maana nimeleta mwanafunzi. Desturi ilikuwa upande wetu useme umekuja kuona nyumba ambayo mtoto atakaa, na kweli tuliionyeshwa, mpaka zizi. Kisha tukaingizwa sebuleni. Baba mkubwa alikuwa ndani ya suti. Baba mzazi wa dereva, mzee asiye na makuu, alikaa pembeni na kofia mapajani. Dereva alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, anatazama viatu. Mama yake alikuwa akipita tu na vyombo. Nimekua jirani na mwanamke huyo na sijawahi kusikia sauti yake ikivuka ukuta.

Mama wa Mbala akapiga magoti kidogo, akapiga makofi ya taratibu, kama ilivyo kwao, na kwetu hivyohivyo. "Habari za hapa, wazee wangu," akasema. Nilivimba kama andazi.

"Karibu sana mama," baba mkubwa akasafisha koo. "Sisi huku tumeshajiandaa. Tunasubiri neno lako la mwisho tu, tupange siku."

"Asante, baba. Neno langu ni hili. Mtoto wangu atamaliza chuo kwanza. Halafu harusi."

Kiswahili kilichonyooka. Kila mtu mle ndani alisikia, na aliyekuwa nje anageuza mahindi naye alisikia. Baba mkubwa akawageukia wenzake. Kwa mazoea au kwa makusudi, mpaka leo sijui. Akasema, "Mama anashukuru. Amefurahi sana kufika."

Alitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Niliruka kama nimekalia kaa la moto. Kidole juu, damu kichwani, ile orodha yangu ya maneno kuanzia dogo kwenda kubwa yote imerudi, na nilishaamua kuanzia kubwa. "Baba mkubwa, hivi wewe..."

"Mwalimu," mama akasema bila kunitazama. "Kaa. Mkono chini."

Nikakaa. Mkono nikauteremsha.

Halafu akainua kiganja chake, kile cha kumwaga dagaa, akakishusha mezani. Vikombe viliruka vyote.

"Sikilizeni kwanza!"

Ile haikuwa sauti yake, ilikuwa yangu, na uso alioukunja ulikuwa wangu, na hata kidevu alikipeleka upande kama mimi. Kwa mara ya kwanza maishani nikaona kile ambacho watu wa Kasense wamekuwa wakikiona miaka yote wakikutana na mimi kisimani.

"Mzee," akasema, "usinizungushe, mimi siyo mzigo. Nimesema nini? Rudia!"

"Mama, samahani, hiki ni kikao cha..."

"Nimesema nini? Rudia!"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Yule mama hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anaongea Kiswahili. Hakuwa na Kiswahili kingine zaidi ya hicho nilichompa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba sisi huku, jambo likiwa zito, mtu hupiga meza, na halihesabiki limefika mpaka aliyeambiwa alirudie. Mimi ndiye niliyemvusha mpaka na imani hiyo. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa jinsi meza ilivyokuwa inapigwa niliona kama inawezekana.

Baba mkubwa mdomo wazi. Kisha baba mzazi wa dereva, sijui aliogopa, sijui alisahau kwamba yuko nyumbani kwake, akajibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza:

"Mtoto... atamaliza chuo kwanza."

"Vizuri sana! Halafu?"

"Halafu harusi."

"Wote!"

Nikafumba macho. Nilijua tumekwisha: mama wa watu ataondoka na aibu, binti ataozwa mavuno haya haya, chuo atakisikia redioni, na kosa lote la mwalimu.

Halafu nikasikia sauti kutoka mlango wa jikoni, sauti nisiyoijua.

"Mtoto atamaliza chuo kwanza. Halafu harusi."

Nikafumbua macho. Ni mama wa dereva. Amesimama na sinia la viazi, mvuke unapanda mbele ya uso wake, na hacheki. Walitazamana na yule mama wa Mbala kama watu wawili wanaotwishana ndoo. Dereva kwenye stuli yake akainua kichwa, akamwangalia mama yake, akarudia na yeye, neno kwa neno. Na baba yake akarudia tena, safari hii hakuna aliyemwamuru.

"Mnajua mnachosema?" baba mkubwa akauliza. "Padri kashaambiwa!"

"Aliambiwa kwa sababu wewe ulituambia mama amefurahi," baba mzazi akajibu, anaizungusha kofia yake. "Leo tumemsikia wenyewe, kaka. Padri nitamwona mimi."

"Na mavuno?"

"Mahindi yatakaa ghalani. Binti akimaliza, tutapanga."

Baba mkubwa akairudisha kikombeni nusu ya chai iliyokuwa imehamia kwenye kisosi. Kisha akanigeukia mimi.

"Haya ndiyo uliyoenda kusoma ng'ambo?"

"Hapana, baba mkubwa. Nilisoma umeme."

"Na huyu mama nani kamfundisha?"

Nilitafuta mle chumbani mtu mwingine wa kumsingizia, sikumpata. "Mimi."

"Wamekulipa?"

"Nimejitolea."

"Mungu wangu," akasema. "Ungelipwa ingekuwaje!"

Baba wa dereva ndiye aliyeanza kucheka, kaziba mdomo kwa kofia. Dereva akafuata. Mama wa Mbala akacheka kwa sababu wengine wanacheka, kisha akainama akaniuliza kwa Kibemba kama kuna mahali kakosea. Nilimwambia hapana. Nitamwambia nini? Kwamba kwa Kiswahili kuna njia nyingine, ya upole, yenye kuzunguka, ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuimudu? Wangemsikiliza kwa upole, wangemshukuru, na wangemtafsiri.

Baadaye nilimfuata mama wa dereva jikoni nimsaidie vyombo. Nilidhani ataniambia neno kubwa, nikajiandaa. Alisuuza kikombe, akakiinamisha.

"Viazi vilipoa," akasema. "Nilisimama navyo, nikasahau kuviweka mezani." Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na akacheka mpaka akajishika kwenye ndoo, na mimi nikasikia sauti yake kwa mara ya pili siku hiyo.

Jioni mama akampigia binti yake kwa simu yangu. Nilisimama pembeni nasubiri zamu yangu, maana nilikuwa na mengi ya kusimulia: nilivyoruka, nilivyotaka kumpasha baba mkubwa, jinsi mbinu yangu ya ufundishaji ilivyofanya kazi. Mama aliongea kwa kifupi. Wamekubali. Utamaliza. Halafu akanipa simu.

Upande wa pili nikasikia binti anapenga kamasi.

"Usilie bwana," nikamwambia. "Sasa sikiliza kwanza nikueleze ilivyokuwa. Mimi nilipoona yule mzee anaanza..."

"Mama amesema uliambiwa ukae."

"Ndiyo, lakini kabla ya hapo..."

"Dada, asante. Nakupenda sana. Utanisimulia ukija." Nikasikia karatasi zinafunuliwa. "Kesho asubuhi niko wodini, wananipima kuchoma sindano, na bado sijasoma."

Akakata. Nilibaki na simu mkononi, hadithi yote ndani ya mdomo, na hakuna wa kumsimulia isipokuwa mama yake, ambaye alikuwepo.